Madai Manane Kuhusu Wingi wa Watu, na Majibu Yake

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Miaka kumi kabla ya hapo tulikuwa 44,928,923. Ndani ya muongo mmoja tumeongezeka kwa watu milioni 16.8, idadi inayowazidi Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967, ambao walikuwa milioni 12.3. Novemba 15 mwaka huohuo wa 2022, Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba dunia imefikisha watu bilioni 8.

Tangu hapo suala la wingi wa watu limefika kwenye vijiwe vya kahawa, mimbarini na kwenye majukwaa ya siasa. Wapo wanaosema tunazaa kupita kiasi na tutaiangamiza dunia. Wapo wanaosema kila anayetaja uzazi wa mpango ni wakala wa maadui wa Afrika. Kambi hizi mbili hazipatani kwa lolote, lakini zina kasoro moja: zote zinahesabu watoto bila kumuuliza mama anayewazaa.

Nimeyakusanya hapa madai manane yanayorudiwa mara kwa mara, na nayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu nchi inayopanga madarasa, zahanati na ajira zake kwa kufuata uvumi huwaumiza watu walio hai. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Uzazi hubadilika pale mwanamke anapokuwa na hakika kwamba watoto wake wataishi, na anapokuwa na sauti juu ya mwili wake. Serikali inayomnyang'anya sauti hiyo, iwe inataka watoto wachache au wengi, huwaumiza wananchi wake na lengo lenyewe mara nyingi halifikii.

Dai la 1: “Watu wanaongezeka bila kikomo, chakula hakitatosha”

Dai hili lina umri mkubwa. Mwaka 1798 Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula. Mwaka 1968 Paul Ehrlich wa Marekani alitabiri kwamba katika miaka ya 1970 mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa. Tangu utabiri huo watu duniani wameongezeka zaidi ya mara mbili, na chakula kinachozalishwa kwa kila mtu kimeongezeka, kutokana na mbegu bora, mbolea na umwagiliaji. Njaa bado ipo, na inaua. Lakini ukifuatilia njaa kubwa za miaka ya karibuni, nyingi utazikuta palipo na vita, au pale ambapo watu hawana fedha ya kununua chakula kilichopo sokoni.

Kuhusu kuongezeka bila kikomo, tuangalie kwanza tumefikaje hapa. Dunia ilikuwa na watu bilioni 1 mwanzoni mwa karne ya 19, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 4 mwaka 1974. Ongezeko hilo halikuletwa na watu kuanza kuzaa zaidi. Vizazi vya zamani vilizaa watoto sita au saba kwa kila mama, na vikawazika wawili au watatu. Kilichobadilika ni vifo. Chanjo, maji safi, sabuni, dawa za kutibu maambukizi na wakunga waliosomea viliwaponya watoto ambao zamani wangekufa. Wakakua, nao wakazaa. Wingi wa watu tulio nao ni, kwanza kabisa, ushindi dhidi ya vifo vya utotoni, na ushindi huo si wa kuusikitikia.

Kisha uzazi ukaanza kushuka. Katika miaka ya 1960 watu duniani walikuwa wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka. Leo ni chini ya asilimia 1. Miongo sita iliyopita mwanamke wa kawaida duniani alizaa watoto watano. Sasa wastani ni watoto 2.25. Zaidi ya nusu ya nchi zote tayari ziko chini ya 2.1, kiwango ambacho wazazi wawili huacha nyuma yao watoto wa kutosha kuchukua nafasi zao tu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha kwamba dunia itafika kileleni, watu kama bilioni 10.3, katikati ya miaka ya 2080, kisha idadi ianze kupungua. Kikomo kipo, na vijana wengi wanaosoma makala haya huenda wakakishuhudia.

Dai la 2: “Afrika ni maskini kwa sababu inazaa sana, na kuzaa huko ndiko kunakoharibu hali ya hewa”

Dai hili limebeba mambo mawili. Tuanze na hali ya hewa. Afrika ina takriban asilimia 18 ya watu wote duniani, lakini mchango wake katika hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi ni kama asilimia 4. Mmarekani mmoja huchangia kwa wastani zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Hewa ya ukaa inayotolewa na China iliongezeka takriban mara tatu kati ya mwaka 2000 na 2022, na miaka yote hiyo wanawake wa China walikuwa wakizaa chini ya watoto wawili. Anga huchafuliwa na namna watu wanavyozalisha umeme, wanavyosafiri na wanavyotumia bidhaa. Mama wa Kibondo mwenye watoto sita na jiko la kuni hawezi kubebeshwa lawama za viwanda na magari ambayo hajawahi kuyaona.

Umaskini una maelezo marefu zaidi. Anayepanda miteremko ya Kilimanjaro ataona jinsi kihamba cha babu kilivyogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi migomba ya ndugu wawili inagusana. Shinikizo hilo ni la kweli, na lipo pia Kisii, Rwanda na Burundi. Anayelikana hajaenda huko.

Hata hivyo, wingi peke yake hauamui matokeo. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos, nchini Kenya, kuwa ardhi iliyoharibika kwa mmomonyoko na isiyoweza tena kubeba watu wake. Kufikia mwaka 1990 wakazi walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza sababu katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994. Wakamba walichimba matuta, mara nyingi kwa vikundi vya kusaidiana vya mwethya, wakapanda miti na wakalima kahawa, matunda na mboga za kuuza. Walikuwa na barabara na soko la Nairobi, na walikuwa na uhakika kwamba shamba ni lao. Palipokosekana haki ya ardhi, soko na mtaji, watu wachache tu walitosha kuichosha ardhi. Kwa hiyo anayetaja wingi wa watoto kuwa ndio chanzo cha umaskini, akanyamazia bei ya mazao, ardhi iliyoporwa na zahanati isiyo na dawa, ameeleza sehemu ndogo ya jambo.

Dai la 3: “Wingi wa watu ni nguvu, itazameni China”

Dai hili limesemwa hadi na wakuu wa nchi. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, kwa hoja kwamba anayefanya kazi kwa bidii anaweza kulisha familia kubwa. Wengi waliomsikiliza walimwelewa, kwa sababu nchi yetu ni pana na bado ina ardhi.

Lakini mfano wa China unathibitisha kinyume chake. China ilikuwa na watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa. Njaa ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya Wachina. Mageuzi ya uchumi yalianza mwishoni mwa mwaka 1978. Wakati huo uzazi ulikuwa umeshashuka, kutoka karibu watoto sita kwa kila mwanamke mwaka 1970 hadi chini ya watatu. Wachina walioingia viwandani katika miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wamechanjwa, wanajua kusoma na kuandika, na kila mmoja alikuwa na wategemezi wachache wa kulisha. Korea Kusini, Taiwan na Thailand zilipita njia hiyo. Uzazi ulishuka, wafanyakazi wakawa wengi kuliko wategemezi, na serikali ikawa na nafasi ya kuwekeza katika elimu na viwanda.

Kwetu hali ni tofauti. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania hawajafikisha umri wa miaka 15. Kwa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, ambalo sensa ya 2022 ililiweka wazi, idadi huwa maradufu kwa miaka kama 22. Ina maana kwamba ili tubaki tulipo tu, bila kusonga hatua moja, lazima ndani ya miaka hiyo tujenge upya kila darasa, kila wodi na kila kisima tulichonacho, na tuajiri walimu na wauguzi wengine kama hao. Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1969, akiwasilisha kwa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikubali kwamba nchi ni kubwa na watu wanaweza kuongezeka, kisha akakumbusha kwamba wanaoongezeka kila mwaka ni watoto wachanga wanaohitaji kulishwa na kusomeshwa kabla ya kuzalisha chochote. Nguvu ya taifa ni mtu aliyeshiba, aliyesoma na aliye na kazi. Mtu huyo haji kwa kuzaliwa tu.

Dai la 4: “Kila mtoto huja na riziki yake”

Hili nalijibu kwa heshima, kwa sababu nyuma yake kuna imani, na kuna hesabu ya maisha ambayo wasomi wengi huidharau bila kuielewa.

Mkulima asiye na pensheni anajua kwamba uzee wake utabebwa na watoto. Anajua pia kwamba mtoto anaweza kufa. Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mzazi aliyekuwa anazaa watoto saba katika hali hiyo alikuwa anajihakikishia kwamba atabaki angalau na wanne au watano. Kumwita mjinga ni kumkosea. Kadiri vifo vinavyopungua, hesabu hiyo nayo inabadilika. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya watoto hao vimeshuka hadi 43 kwa kila 1,000. Wastani wa uzazi nao umeshuka, kutoka watoto 6.2 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8. Mjini ni 3.6, vijijini 5.5. Hakuna aliyewalazimisha akina mama hao. Waliona watoto wa majirani wanapona, wakaona ada, sare na kodi ya nyumba, wakaamua. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, ilifanya jambo la uzazi pia, hata kama haikulitangaza hivyo, kwa sababu mzee mwenye pensheni hamtegemei mwanawe peke yake.

Kuhusu imani, sina ugomvi na anayesema riziki hutoka kwa Mungu. Nauliza tu kama mtoto anayeachishwa ziwa akiwa na miezi mitano, kwa sababu mama ameshapata mimba nyingine, amepewa nafasi ya kuifikia riziki hiyo. Qur'ani yenyewe inataja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu, Imam al-Ghazali aliruhusu njia ya kuzuia mimba iliyojulikana zama zake, na iliyo na hukumu katika vitabu vya fiqhi tangu kale. Kanisa Katoliki linakataa vidonge na sindano, lakini linakubali kupanga uzazi kwa kufuata siku za mwanamke. Dini hizi zinatofautiana kuhusu njia. Kupishanisha watoto ili mama na mtoto wawe salama hakuna inayokukataza.

Dai la 5: “Uzazi wa mpango ni njama ya kuwapunguza Waafrika”

Shaka hii haikutoka hewani. Desemba 1974 serikali ya Marekani iliandaa waraka wa siri, chini ya Henry Kissinger, ulioona ongezeko la watu katika nchi maskini kuwa tishio kwa maslahi ya Marekani. Waraka huo ulizitaja nchi 13, zikiwemo Nigeria, Misri na Ethiopia. Nchini Peru, katika utawala wa Alberto Fujimori, wanawake zaidi ya laki mbili walifungwa kizazi katika miaka ya 1990, na maelfu yao, wengi maskini wa vijijini na wa jamii za asili, hawakuridhia kwa hiari. Namibia, mwaka 2014, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake wenye virusi vya UKIMWI walifungwa kizazi bila ridhaa iliyo halali. Anayesema tusiwe macho amesahau historia.

Lakini kinachofundishwa na historia hiyo ni kulinda ridhaa. Haifundishi kuwanyima wanawake huduma. Na wazo la kupishanisha watoto halikuletwa na meli. Katika jamii nyingi za Tanzania mama aliyejifungua alirudi kwao kwa miezi, au wazazi walilala mbalimbali hadi mtoto aache ziwa, kwa hofu ya kumbemenda. Mila hizo zililegea watu walipohamia mijini na familia zilipotawanyika, na pengo hilo ndilo njia za kisasa zinaloziba. Chama cha uzazi bora kilichokuja kuitwa UMATI kilianzishwa hapa nchini mwaka 1959, Kenya ikaanza mpango wake wa taifa mwaka 1967, na yote hayo yalifanyika miaka mingi kabla ya waraka wa Kissinger.

Tutazame na matokeo. Mwaka 1950 Afrika ilikuwa na watu kama milioni 230. Leo ni kama bilioni 1.5. Hakuna bara lililoongezeka kwa kasi hiyo. Takriban mmoja kati ya wanawake watano walioolewa Tanzania anataka kuchelewesha mimba au kuacha kuzaa, na hatumii njia yoyote. Kukosa huko ndiko kunakomdhuru Mwafrika leo. Akina mama wanakufa kwa mimba ambazo hawakuzitaka.

Dai la 6: “Vijiti na sindano huleta ugumba na saratani”

Hili linahitaji jibu la kitabibu. Baada ya kutoa kijiti au kitanzi, au kuacha vidonge, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ya miezi mitatu ni tofauti kidogo. Mwanamke aliyeitumia huweza kuchukua wastani wa miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Huko ni kuchelewa, na kuchelewa si ugumba, ila mwanamke asiyeambiwa mapema ataogopa, atasimulia, na uvumi utazaliwa. Visababishi vikubwa vya ugumba katika eneo letu ni maambukizi ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na utoaji mimba usio salama. Hili la pili ndilo linalowapata wengi waliokosa njia ya kuzuia mimba.

Kuhusu saratani, vidonge vyenye homoni mbili huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti wakati vinapotumiwa, na hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Hedhi kuvurugika, kichwa kuuma na uzito kubadilika ni mambo yanayotokea kweli. Mhudumu anayeyaficha ili apate wateja wengi anaiangusha huduma nzima. Mwanamke aelezwe yote, achague, na akitaka kutoa kijiti siku yoyote, kitolewe bila maswali.

Dai la 7: “Watu hawaelewi, serikali ilazimishe kama China”

Hili husemwa na watu waliosoma, na ndilo linalonitisha kuliko yote.

China ilianzisha sera ya mtoto mmoja kati ya 1979 na 1980, na kuifuta mwishoni mwa 2015. Wanaoisifu wanasahau, kama tulivyoona, kwamba anguko kubwa la uzazi lilitokea katika muongo uliotangulia, watu walipohimizwa kuchelewa kuoa, kupishanisha na kuzaa wachache, na walipopata huduma za afya vijijini. Sera ya mtoto mmoja iliongeza mimba zilizotolewa kwa nguvu, faini zilizofilisi familia, na upungufu wa wasichana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizaliwa wavulana wapatao 120 kwa kila wasichana 100. Leo serikali ileile inawasihi watu wazae, inaruhusu watoto watatu tangu 2021, na watu hawaitikii. Idadi ya Wachina ilianza kupungua mwaka 2022.

India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, ilifunga kizazi mamilioni ya wanaume, wengi kwa kutishiwa mishahara, viwanja au kadi za chakula. Wananchi walijibu kwenye sanduku la kura mwaka 1977, Indira Gandhi akaanguka, na imani kwa huduma za uzazi ikavunjika kwa miaka mingi. Jimbo la Kerala lilifika watoto wawili kwa mwanamke katika miaka ya 1980 bila kumlazimisha mtu, kwa kusomesha wasichana na kujenga zahanati. India nzima imefika huko sasa. Utafiti wao wa 2019 hadi 2021 ulikuta wastani wa watoto 2.0.

Orodha ya waliofaulu bila lazima ni ndefu. Bangladesh, nchi maskini ya Waislamu, ilishuka kutoka karibu watoto saba mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.3 mwaka 2011, kwa kuwatuma wanawake wa vijijini kuwatembelea wenzao nyumba kwa nyumba. Iran, chini ya serikali ya masheikh, ilishuka kutoka zaidi ya watoto sita hadi karibu wawili katika miaka kama 20, kupitia nyumba za afya za vijijini. Rwanda iliongeza matumizi ya njia za kisasa kati ya wanandoa kutoka asilimia 10 mwaka 2005 hadi 45 mwaka 2010, kwa kutumia wahudumu wa afya wa jamii.

Hata kwetu tuna ushahidi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju. Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma hakikuurusha, na watafiti wakalinganisha. Palipokuwa na mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka. Hadithi nzuri na zahanati iliyo wazi vilitosha kuwasogeza watu, bila askari.

Dai la 8: “Ulaya na Asia zinazeeka kwa kupanga uzazi, nasi tutakwisha”

Tatizo la kuzeeka lipo. Japani ilifikia kilele cha idadi yake karibu mwaka 2008, na sasa zaidi ya robo ya watu wake wana miaka 65 au zaidi. Korea Kusini, ambako mwanamke alizaa watoto sita mwaka 1960, ilikuwa na wastani wa 0.72 mwaka 2023, ingawa tangu 2006 serikali imetumia zaidi ya dola bilioni 200 kuhimiza uzazi. Vijana wao wanasema wanakwamishwa na saa ndefu za kazi, bei za nyumba, gharama za masomo ya ziada, na mzigo wa nyumbani unaoachiwa mwanamke.

Lakini Tanzania iko kwenye 4.8, mbali kabisa na huko. Tazama Kenya, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na wastani wa watoto 8.1, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 2022 ilikuwa na 3.4. Je, Wakenya wamekwisha? Sensa ya 1979 iliwahesabu milioni 15.3, ya 2019 iliwahesabu milioni 47.6. Uzazi ulipungua kwa zaidi ya nusu na watu wakaongezeka mara tatu, kwa sababu wasichana waliozaliwa katika miaka ya uzazi mkubwa walikua wakawa mama. Mwendo wa idadi hautulii siku uzazi unaposhuka. Huendelea kwa miongo.

Na anayedhani kwamba kunyima njia za uzazi wa mpango ndiko kutakakotuokoa, aisome Romania. Oktoba 1966 Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake walio wengi, na njia za kuzuia mimba zikawa adimu. Mwaka uliofuata vizazi vilikaribia kuwa maradufu. Baada ya hapo wanawake wakatafuta njia za siri, vizazi vikashuka tena, na wanawake wapatao 10,000 wakafa kwa kutoa mimba kwa hatari hadi amri ilipofutwa Desemba 1989. Vituo vya yatima vilijaa watoto waliotelekezwa. Lazima ya kuzaa na lazima ya kutozaa zimezika wanawake sawasawa.

Basi tufanye nini

Kwanza, zahanati isikose njia za uzazi wa mpango, na iwe na mhudumu anayeeleza faida na madhara kwa uwazi. Theluthi moja hivi tu ya wanawake walioolewa Tanzania wanatumia njia za kisasa, na wengi wa waliobaki wanakwamishwa na umbali, dawa kuisha, au mume asiyewahi kualikwa kliniki. Wanaume waalikwe.

Pili, wasichana wabaki shuleni. Wanawake wasiosoma kabisa huzaa karibu mara mbili ya waliofika sekondari. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliojifungua warudi darasani ulikuwa wa haki, na kila mkuu wa shule autekeleze bila kumwaibisha binti. Asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 tayari wamezaa au ni wajawazito. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aliye chini ya miaka 18 aolewe vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hukumu hiyo ifike hadi kijiji cha mwisho.

Tatu, tuendelee kupunguza vifo vya watoto na kupanua pensheni ya wazee, kwa sababu mzazi hupunguza uzazi akiwa na uhakika. Nne, tutengeneze kazi kwa vijana waliokwisha kuzaliwa. Hao hakuna sera ya uzazi itakayowapunguza, wala haifai iwepo. Ni wetu na tunawahitaji.

Wanawake watakaojifungua mwaka 2040 tayari wamezaliwa, na wengi wao hivi sasa wako shule za msingi. Sensa za 2032 na 2042 zinaamuliwa katika bajeti za leo: kama binti wa darasa la sita atafika kidato cha nne, kama zahanati ya kata yake itakuwa na dawa, kama atakapoolewa atakuwa mtu mzima aliyekubali mwenyewe. Kila shilingi na kila pumzi tunayoitumia kubishana kama tuko wengi mno au wachache mno, bila kumwekea binti huyo mambo hayo matatu, inapotea.